Mazuri ya Shekinah, Mabaya ya Shekinah, na Mbuzi ya Mujomba

Beni, commune Ruwenzori, tarehe 5 Mei 2025

Mujomba Kahongya,

Wavukiri. Nasalimia mama yangu mwenye munachunga hapo kwenu, nasalimia mama Vagheni bibi yako, na batoto bote. Mwambie mama mafua yangu ilipona, asianze tena kunitumia majani ya kunywa.

Naandika kwa karatasi sababu simu yako haipatikanake. Na siku inapatikana, unasema weye peke yako mpaka unité ya simu inaisha.

Mujomba, niko na ombi. Hapa ku institut tulipata mwalimu mupya, Madame Mariette. Kozi yake ni kusaidia mwanafunzi ajijue: fasi gani eko na nguvu, fasi gani eko zaifu. Anasemaka batu mingi banatoka hapa na diplome mukononi lakini hawajui ni nani amebeba ile diplome. Kila mutu alishaandika yake. Sasa Madame anataka pia maneno ya mutu mwenye alituona tangu utoto. Mazuri na mabaya, bila kuficha.

Si mchezo, sababu ile njo atatumia kwa kugawa stage, fasi za kujizoesha kazi. Iko fasi moja tu ya Kyavinyonge, kule ku ziwa: kushinda na ba mama wa samaki, kubaonyesha namna ya kukausha na kuchunga samaki isioze, isilete magonjwa. Wenye kukosa ile watabaki ndani ya bureau hapa Beni, kupanga karatasi. Kyavinyonge, Mujomba, naitaka mpaka naiota. Tangu nianze masomo ya chakula na usafi niko nakula vitabu tu. Wakinifungia na karatasi, franchement, naogopa nitaacha masomo.

Andika weye mwenyewe. Mama ataandika kama vile alizaa malaika. Barua ya Madame funga mbali na yangu, umupe Malachie, ule dereva wa taksi. Anapita hapa kila siku.

Binti ya dada yako,
Shekinah


Butembo, tarehe 9 Mei 2025

Shekinah mutoto yangu, sukari ya jamaa,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa, kisha nimeita Vagheni nimusomee na sauti. Wanunuzi walikuwa wanangoja vipande vya moto, zile pikipiki zao, nikabaambia: «Ngojeni, hapa kuko mambo ya damu.»

Madame Mariette! Mwalimu! Ha! Unafikiri mujomba yako ni mutu wa kudanganywa na kipande ya chaki? Ni kweli masomo niliacha ku primaire, lakini si sababu ya ujinga. Walimu walikuwa wamechoka, nikabahurumia. Dunia njo ilinisomesha. Kampala wananiita boss. Kisangani nilikula samaki yenye inanipita urefu. Dubai nilikanyaga na viatu yangu mwenyewe. Donc nisikilize.

Tangu mulima Ruwenzori iko na barafu ku kichwa, ni lini mwalimu aliuliza mujomba mabaya ya mwanafunzi? Mwalimu anaulizaka minerval, feza ya masomo, basi. Mutu mwenye anauliza mazuri na mabaya ya binti ni mumoja tu duniani: mama wa kijana!

Wakati baba yangu alitaka kunitafutia bibi, shangazi yangu alienda kwao na Vagheni akijifanya muuza chumvi. Alishinda pale. Aliangalia Vagheni anafagia namna gani, anajibu mama yake namna gani. Chumvi haikutoka hata kijiko, lakini shangazi alirudi anajua mpaka upande Vagheni analalia. Sasa dunia imeendelea. Hawatumi chumvi tena, wanatuma kozi. Mimi nazipenda jamaa zenye akili namna hiyo! Mwambie kijana asiogope.

Na unajua desturi: bibi-arusi akitoka, mujomba anapata mbuzi yake. Si ya baba, si ya kanisa. Ya mujomba! Nimekwisha kumujengea nyumba nyuma ya duka, na mabao mazuri ya caisse, sanduku kubwa yenye ilileta moto kutoka China. Jirani Ésaïe akauliza: «Kahongya, hii nyumba ndogo ni ya nani?» Nikamujibu: «Ya mugeni mwenye pembe.» Sasa avenue yote inajua.

Barua ya Madame nimefunga mbali, kama ulisema. Lakini sababu nimeiandika vizuri kupita kipimo, nakuandikia hapa upya ili nawe ufurahi:

«Kwa Madame Mariette na jamaa yake yote. Miye Kahongya Éliakim, mufanya biashara anajulikana, nashuhudia. Binti Shekinah ni mupole kama maziwa. Hasemake mbele ya wakubwa. Hajabishana na mutu tangu azaliwe. Ukimwambia nyamaza, unakuta alishanyamaza. Hapendi kutembea-tembea, na kelele ya soko inamutia woga. Bukari anasongaka haina mafundo. Mabaya yake: nimetafuta, nimeita bibi yangu tutafute wawili, hatukuona. Labda kamoja: anatumika mpaka tunamuhurumia. Tunangoja ziara yenu, na mulango yetu ni pana.»

Hapo, mutoto yangu, hata mufalme angetuma posa.

Mujomba yako mwenye furaha,
Kahongya


Beni, tarehe 19 Mei 2025

Mujomba! Mujomba, mujomba, mujomba!

Nianzie wapi? Ku mbuzi?

Madame Mariette ni mwalimu. Ana chaki. Ana kabineti, ofisi yenye kuandikwa jina yake ku mulango. Mutoto wake kijana ni mumoja, na huyo kijana bado anabadilisha meno ya utoto! Nani alikutuma kunioza? Nilikuandikia stage, ukasoma arusi. Nilikuandikia «bila kuficha», ukaficha mpaka ukanificha mimi mwenyewe!

Unajua nini ilitokea? Madame alisoma barua yako, akasoma karatasi yangu, akaniita. Ku ile karatasi ya kozi, miye pia niliandika uongo. Siku natoka Butembo, mama alinishika mukono pale taksi inasimamaka, akasema: «Shekinah, kule funga mudomo. Mudomo yako itakukosesha bwana.» Nikaufunga. Mwaka yote, Mujomba! Ku auditoire, mwalimu akifundisha, nakaa nyuma kama gunia. Basi ku mabaya niliandika: «Zamani nilikuwa na mudomo, sasa nimepona.» Kama vile mudomo ni malaria.

Madame akasema na upole: «Shekinah, mujomba yako na wewe munasema kitu kimoja. Wewe ni mutu wa kimya, na soko inakuogopesha. Kyavinyonge itakutesa bure. Nitakuweka ku bureau. Karatasi haibishane na mutu.» Nikajibu: «Ndiyo, Madame.» Ndiyo, Madame! Ulimi ilikufa!

Na Kyavinyonge amepewa Timothée. Timothée, Mujomba! Kijana mwenye kuomba ruhusa mbele ya kupiga chafya! Ba mama wa samaki watamutia chumvi na kumuanika.

Sasa nijibu na weye. Nani alikuambia soko inaniogopesha, miye mwenye nilikomaa juu ya magunia ya viazi Kanyabayonga, mbele vita haijatutoa kule? Nani alikuambia sibishanake, wakati weye mwenyewe ulikuwa unanituma kubishana na wenye deni yako, unajificha nyuma ya mulango unacheka? Bukari bila mafundo! Bukari yangu ni mafundo matupu, na weye njo ulikuwa unasema «leo tunakula mawe ya Shekinah»! Kama mudomo yangu ni mabaya, mbona ilikuwa inakufaa? Kama ni mazuri, mbona uliifunika kama chungu yenye kupasuka? Chagua moja! Usikae katikati ya barabara, moto itakugonga, na vipande utajiuzia mwenyewe!

Madame atafunga orodha ya stage mwisho wa mwezi.

Na ile nyumba ya mbuzi, vunja.

Shekinah


Butembo, tarehe 21 Mei 2025

Kwa Madame Mariette, mwalimu (nimeelewa sasa, mwalimu),

Shikamoo, pardon, na pardon tena. Nilikufanya mama-mukwe bila kukuuliza. Kama bwana yako alisoma ile barua, mwambie mujomba wa Butembo anapiga magoti.

Madame, nikueleze namna ilikuwa. Kwetu mutoto wa nyumba hafunuliwi mbele ya wageni. Na miye ni mutu wa biashara. Nikiuza moto ya occasion, yenye ilishatumika, nasifu rangi, nasifu kiti. Sisemake kwamba breki ni ya kuombea. Ile njo mazoea yangu. Lakini mutoto si moto, na weye hukutaka kununua. Ulitaka kujua anaweza kufika wapi, na kona gani atakosa breki. Sasa nakuambia yote, rangi na breki.

Kwanza, soma karatasi yenye nimefunga pamoja na hii. Ni barua yenye Shekinah aliniandikia juzi. Aliniosha mpaka nyuma ya masikio! Niliisoma nikatoka jasho, kisha nikapiga kelele ya furaha, Vagheni akafikiri nimepata malaria. Huyu njo Shekinah, Madame! Ule wa «ndiyo Madame» mimi simujue.

Pili, nikuambie siku moja Kanyabayonga. Shekinah alikuwa bado mudogo, anauza viazi na mama yake Virginie, dada yangu. Akakuja mununuzi wa mbali na beseni yake ya kupimia. Ile beseni alikuwa ameipiga nyundo chini, tumbo ikatoka kama ya mwenye mimba. Inameza viazi, haishibi. Ba mama wanaona, wananung'unika, wananyamaza. Mutoto akachukua beseni, akaipindua, akaikalia! Mununuzi anasema toka, yeye anauliza: «Baba, hii beseni itazaa lini?» Soko yote ikaanguka kicheko. Alihubiri pale juu ya beseni mpaka ule mutu alikubali kupima na beseni ya ba mama. Hiyo ni nguvu yake: anaona udanganyifu, anasema, na watu wanapenda kumusikiliza.

Sasa mabaya, na inatoka ku siku ile ile. Mutu alishakubali. Ingefaa ashuke ku beseni, viazi ipimwe. Shekinah hapana! Akaendelea. Akacheka kofia ya mununuzi, akacheka pua yake, akafika mpaka ku mama mwenye alimuzaa. Mununuzi akakasirika, akaenda bila kununua kitu, na ba mama wakarudisha viazi yao nyumbani ku mugongo. Nilimubeba miye, yeye anaimba wimbo wa ushindi. Ile njo breki yenye inakosa: akishashinda, hajue kusimama, na masikio yake inajifunga.

Tena anaanza vitu na haimalize, na bukari yake ni mawe.

Sikuombe umupatie fasi ya mwingine. Nakuomba umuangalie mara moja akiwa amefungua mudomo. Basi.

Kahongya Éliakim,
mwenye hakuna mbuzi


Beni, tarehe 23 Mei 2025

Kwa Bwana Kahongya,

Bwana yangu alisoma barua ya kwanza. Anakusalimia, na anauliza kama mulango yenu bado ni pana.

Nimefundisha miaka mingi, na wazazi wote wananiandikia ushuhuda wa kanisa. Yako ya pili ni ya kwanza yenye nimeweza kutumia. Lakini siwezi kumunyanganya Timothée fasi sababu ya karatasi, hata kama ni nzuri. Nguvu ya mutu inaonekana akiwa kazini. Kesho nabapeleka wote wawili ku soko ya samaki. Sitamwambia Shekinah kwamba uliniandikia.

Aksanti kwa breki.

Mariette


Beni, tarehe 29 Mei 2025

Mujomba,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Sogeza ba clients, nakujua.

Jumamosi Madame alitubeba, Timothée na mimi, ku soko ya samaki. Akatuambia: «Hawa ba mama wanatandika samaki chini, inzi inakula mbele ya watu. Basemesheni.» Akaenda kusimama kando, kama shangazi yako muuza chumvi.

Timothée akaanza. Alijua yote, Mujomba, kila kitu mupaka majina ya microbe. «Ba mama wapendwa, inzi ni vecteur ya contamination...» Ba mama wakamusikiliza na heshima, alipomaliza wakaitika «Amina!» na wakarudi kufukuza inzi na mikono.

Mimi nikabaki nyuma yake, nimemubebea kitabu. Hapo mama mumoja munene, wanamuita mama Mbusa, akanitazama: «Na weye, binti ya lunettes ku macho, hukuletwa kuhubiri? Ao weye njo mbebaji wa Biblia yake?» Wakacheka. Mujomba, mudomo ilijifungua yenyewe! Mwaka muzima ya maneno!

Nikachukua samaki yake moja, nikamuuliza: «Mama, hii utamupikia bwana yako leo?»

Akaiangalia. «Hii hapana. Bwana yangu nimemuwekea ingine ndani ya sahani.»

«Basi bwana ya mwenzako alikukosea nini?»

Mujomba! Soko ilipasuka! Mama mumoja akalia machozi, mwingine akapiga mwenzake mugongo. Nikaendelea: wakati wa bibi zetu samaki ilikuwa inafika asubuhi na kuisha asubuhi, leo inalala ku barabara, inangoja ku kila barrière ya askari, inafika imechoka kama sisi. Mwenye kuchoka hatupwi chini, anapewa kitanda. Wakaanza kuinua samaki ku meza mbele sijamaliza! Timothée anakimbia anaonyesha namna ya kufunika na chandarua, na mikono yake, Mujomba, ile mikono ni ya fundi! Kila mutu alisogeza, isipokuwa mama Mbusa.

Ingefaa nisimamie pale. Sikusimama. Nilikuwa na utamu ndani ya kinywa. Nikasema mbele ya wote: «Mama Mbusa muacheni, hata inzi wanamuonea haya.»

Hakuna mutu alicheka. Mama Mbusa akakunja kitenge yake, akabeba beseni yake ya samaki, akaenda.

Madame akakuja karibu. «Umeshinda,» akasema. «Na sasa?»

Ile beseni ku kichwa ya mama Mbusa, inaenda, inaenda, nikaona magunia ya viazi inarudi nyumbani Kanyabayonga ku mugongo ya mama yangu. Sikulala vizuri.

Kesho yake, baada ya ibada, nilienda kwake mimi peke yangu. Nilikaa chini karibu yake. Nikasema pardon, kisha nikanyamaza. Lakini si kimya ya mwaka yote, ya kuogopa. Ilikuwa kimya ya kusikiliza, na sikuijua mbele. Ni nguvu kuliko kusema, inatoa jasho! Mama Mbusa akageuza samaki zake, kisha akasema: «Sikukatala meza, mutoto. Meza yangu ilibaki ku njia siku tulikimbia. Hawa wote wako na meza. Weye ulinicheka mbele ya wenye meza.»

Alitoka upande wetu, Mujomba. Lubero ya kusini, karibu na Kanyabayonga. Tulilia kidogo, tukacheka kidogo, akaniuliza kama najua kupika bukari. Nikasema ukweli.

Jumatatu, Madame alituita ku kabineti. Alijua nilirudi, mama Mbusa mwenyewe alikuja kumwambia. Akasema: «Wenye kusema niko nao wengi. Nilikuwa natafuta mwenye kusema na tena kurudi.» Kyavinyonge ni yangu! Kyavinyonge, Mujomba! Nilirukaruka mpaka lunettes ikaanguka! Na Timothée, nilifikiri atakasirika; alipumua kama mutu wa kutuliwa gunia. Alisema: «Aksanti Yesu. Wale ba mama niliwaota wananianika.» Anabaki Beni, lakini si kupanga karatasi tu: Madame alimuagiza kutengeneza meza za mufano za kukaushia samaki.

Hapo tu Madame alinionyesha barua yako. Na yangu. Mujomba, ulimutumia matusi yangu! Nilitaka kujificha chini ya kiti. Kisha nikachukua karatasi yangu ya zamani, nikafuta «nimepona», nikaandika ku mazuri: mudomo. Na ku mabaya: mudomo ikishashinda. Madame akatia signature.

Niko na swali moja. Ile mabao ya nyumba ya mbuzi, ulishavunja?

Shekinah, wa Kyavinyonge


Butembo, tarehe 14 Juni 2025

Shekinah, wa Kyavinyonge, wa beseni, wa Kanyabayonga,

Barua yako nimeisomea avenue yote! Nilipanda ku caisse mbele ya duka. Nilipofika pa «bwana ya mwenzako», Ésaïe alianguka ku pneu, mipira ya moto. Mama yako alisikiliza yote na mukono ku kinywa. Kisha akasema tu: «Kumbe ile mudomo ilikuwa na kazi.» Nilimwambia nilijua tangu zamani. Vagheni akakohoa.

Nyumba ya mbuzi nilivunja siku ile ile barua yako ilifika. Ésaïe akakuja: «Kahongya, mugeni mwenye pembe eko wapi?» Nikamujibu: «Hakuji tena. Amekuwa meza.» Mabao yote nilimupa Malachie apelekee mama Mbusa, nikafunga juu ya taksi na mikono yangu, miguu inne ya meza pia, misumari ndani ya chupa. Nasikia Timothée alipiga misumari, mama Mbusa akakalia ile meza kwanza kuijaribu, haikulia. Caisse ya China, mutoto yangu! Mujomba yako hanunue bintu ya mchezo.

Na mimi nimejaribu kozi ya Madame. Usicheke. Nilimwambia Vagheni: «Niambie mazuri yangu na mabaya yangu, bila kuficha.» Mabaya alianza mbele ya chai, akaniambia akiosha sahani, akaniambia tukienda ku shamba na tukirudi. Mazuri tungali tunangoja. Lakini jana alinipatia moja. Alisema: «Uko mutu wa kuandika barua ya pili.» Nimekaa naifikiri. Inawezekana ni kubwa.

Kyavinyonge usisahau breki. Na ukiona ba mama wamekubali, shuka ku beseni.

Neno la mwisho. Juzi Malachie alisimama mbele ya duka, akanipatia kifurushi ndani ya majani ya ndizi. Tilapia moja, nene, kavu, safi, haina alama ya inzi hata moja. Alisema mama Mbusa alimwambia: «Mupelekee ule mujomba wa mabao. Mwambie desturi ni desturi.»

Vagheni aliipika, mama yako alitengeneza bukari bila mafundo, tukaita na Ésaïe ashuhudie. Nimekula mbuzi yangu, Shekinah. Ilikuwa na magamba.

Mujomba yako,
Kahongya